Ndiyo Sita za Mama Kibonge

Kwa wifi yangu, Mama Kibonge,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na mumeo fundi baiskeli, ambaye sijapata kumwona lakini nasikia ni mtu wa maneno machache na mikono isiyotulia. Natumaini barua hii itakukuta mzima, miguu haijavimba sana na usingizi unapatikana, maana mimba ya miezi saba humfanya mtu ahesabu ngazi kabla ya kuzipanda. Mimi mwili hauna neno. Mama yupo, presha inampandisha na kumshusha kama ndoo ya kisimani, lakini ulimi wake haujaugua hata siku moja. Mdogo wangu, aliyekuwa mumeo, bado anapuliza rangi magari kwenye gereji ileile. Siku hizi anakohoa kila asubuhi mpaka jirani anajua saa.

Barua hii nimempa dada yako mshonaji aikabidhi mkononi mwako, kwa sababu bahasha yenye mwandiko wangu ungeweza kuwashia jiko kabla hujaifungua, nami nisingekulaumu. Nakuomba kitu kimoja tu, uisome mpaka mwisho. Ukishamaliza, jiko lipo.

Dada yako nilikutana naye wiki tatu zilizopita kwenye duka la vitambaa. Nilimwona kabla hajaniona, nikataka kujificha nyuma ya mabunda ya pazia, lakini yeye si mtu wa kumkwepa. Alinishika kiwiko akaniambia habari zako zote palepale, mbele ya muuzaji, bila kushusha sauti. Aliniambia una mimba, na badala ya furaha umejifungia. Kazi ya viatu uliiacha tangu ulipotoka kwetu, sasa umeacha hata kufua, kwa kuogopa sabuni. Unanawa mikono mpaka ngozi inapasuka. Jino limekuoza, shavu limekuwa kama umeficha limau, na hutaki kwenda kwa daktari wa meno wala kumeza kidonge cha maumivu. Mumeo akirudi kazini unamvulisha nguo mlangoni kwa sababu ya harufu ya grisi. Yote hayo nilimsikiliza nikiwa nimesimama. Kisha akasema kwamba umemwomba yeye, dada yako, mtoto akizaliwa amchukue siku hiyohiyo akamlee kwa maziwa ya kopo, kwa sababu tumbo lako lilishaua mmoja na maziwa yako yatamaliza wa pili.

 Hapo, wifi, niliketi juu ya bunda la kitambaa cha watu. Dada yako alinitazama akaniuliza, “Wewe ulikuwa unafanya kazi wodini. Unajua jambo gani ambalo huyu hajui?”

Nilimjibu kwamba sijui kitu. Sasa nakuandikia wewe ninachokijua.

Nianzie mbali kidogo, univumilie. Kibonge alipozaliwa alikuwa na kilo nne na nusu na ushei. Mkunga aliita wenzake waje kuona. Mama alitembea mtaa mzima akitangaza uzito ule kama mtu aliyeshinda mashindano, na jina la Kibonge likamganda mtoto, wewe nawe ukawa Mama Kibonge, hata cheti cha kuzaliwa kikawa kama karatasi ya mtu mwingine. Mama akaweka sheria yake, kwamba mtoto mzuri namna ile hashikwi na kila mtu. Mwaka mzima Kibonge hakutolewa nje. Watoto wa jirani wenye makamasi walifukuzwa mlangoni kama kuku. Wewe ulirudi kwenye karakana ya viatu mtoto akiwa na miezi mitano, kwa sababu walikwambia nafasi yako wataipa mwingine, na ziwa likakatika hapo. Wakati huo mimi nilikuwa nimerudi nyumbani na sanduku langu moja baada ya ndoa yangu kuvunjika, na Mama akanipa kazi ya kumlea mtoto mchana.

Nilimpenda mtoto yule. Lakini wewe sikukupenda, na sababu yake ni ndogo kiasi kwamba naona haya kuiandika. Siku moja ulirudi kazini ukamkuta Kibonge analia mikononi mwangu. Ulimpokea, akanyamaza hapohapo, nawe ukacheka ukawaambia majirani waliokuwa uani kwamba wifi ana mkono mzito, mkono wa kubebea magogo. Majirani wakacheka. Pengine hata hukumbuki. Mimi nilikaa na kicheko kile miaka minne, nikakitunza, nikakilisha.

Alipotimiza miaka minne ndipo yale mabaka yalipoanza. Ya bluu, ya zambarau, mapajani, mgongoni, moja chini ya kidevu. Unakumbuka Mama alivyomvua nguo mtoto sebuleni, akamgeuzageuza kama nyama buchani, kisha akasema unamfinya mwanao kwa hasira za kazini. Uliapa. Mdogo wangu akakupiga kibao mbele ya mtoto, nawe ukaapa tena, naye akakupiga tena. Kibonge alikuwa uchi katikati ya sebule, anawatazama. Siku nne baadaye alitoka damu kwenye fizi, ikalowesha mto. Homa ikapanda. Midomo ikawa myeupe kama chaki. Daktari wa zahanati alimtazama mara moja tu akaandika barua ya kwenda hospitali kubwa, na huko wakamtoboa mfupa wa nyonga, wakachukua uboho, wakatuambia ni saratani ya damu. Chembe nyeupe zilikuwa zimezaliana mpaka hazikuacha nafasi kwa nyingine yoyote. Mabaka yale yalikuwa ugonjwa, si vidole vyako. Wifi, nakuuliza, kuna mtu yeyote katika nyumba ile aliyekuomba radhi kwa vile vibao? Mimi sikumsikia.

Mimi wakati huo nilikuwa na mwaka mmoja na nusu kazini kwenye wodi hiyohiyo. Nilikuwa muuliza maswali wa utafiti. Daktari mmoja mwanamke, mfupi, mwenye sauti ya chini, alikuwa anatafuta mambo ya mwanzoni mwa maisha ambayo huenda yanamsogeza mtoto karibu na ugonjwa ule. Aliniajiri kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Karatasi yenyewe ilikuwa na kurasa tisa. Mama aliwahi kupigwa eksirei akiwa na mimba? Alifanya kazi na gundi, rangi, petroli? Ndani ya nyumba ilipulizwa dawa ya wadudu? Mtoto alizaliwa na kilo ngapi, alinyonya miezi mingapi, mwaka wa kwanza alichanganyika na watoto wenzake akapata mafua na homa za kawaida, au alifungiwa, mwili usizoee kupigana na vijidudu? Baba naye alikuwa na karatasi yake, ya sigara na ya kazi.

Siku ya mafunzo daktari alitueleza jambo moja, na alilirudia mpaka tukachoka. Alisema maswali yale wanaulizwa wazazi wa watoto wagonjwa na wazazi wa watoto wazima, maelfu kwa maelfu, na tofauti inayoonekana kati yao ni ndogo sana, huonekana tu ukiwajumlisha wengi. Watoto chungu nzima wa mafundi viatu wanakua, wanaoa na kuolewa. Watoto wengi wanaolazwa pale wazazi wao hawajui hata harufu ya gundi. Kwa hiyo, alisema, mzazi yeyote akiuliza kama ni yeye, jibu ni moja: hatujui, na kwa mtoto mmoja hakuna anayeweza kujua. Alitutazama mmoja mmoja. Akasema karatasi hii ikitumiwa vibaya ni kisu.

Haikuruhusiwa kumuuliza ndugu yako. Karatasi yako ilipangwa kwa mwenzangu wa meza ya pili. Mimi nilimwendea nikamwambia anipe, kwamba wewe ni mwoga wa wageni na utazungumza vizuri nami. Nilijipendekeza. Nilitaka kukuona umekaa mbele yangu ukijibu.

Ukaja. Chumba kile chenye viti vitatu na feni inayolia. Ulikuwa hujachana nywele na viatu vyako havikuwa jozi moja, wewe fundi viatu. Ulijibu kila kitu kwa ukweli, hukuficha hata pale ambapo mama wengine hujikausha. Ndiyo, gundi, mpaka mwezi wa nane wa mimba. Ndiyo, eksirei, ulipoteleza kwenye ngazi za karakana na nyonga ikashtuka, kabla hujajua kwamba una mimba. Ndiyo, dawa ya wadudu ndani. Ndiyo, kilo zaidi ya nne. Ndiyo, aliachishwa ziwa kabla ya miezi sita. Ndiyo, alikaa ndani mwaka mzima bila watoto wenzake. Ndiyo sita. Kila moja niliiwekea alama polepole kuliko ilivyohitajika, ili uione kalamu inavyokwenda.

Tulipomaliza ukanishika mkono juu ya meza. Uliniuliza, “Wifi, ndiyo haya? Ni mimi?”

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimelikariri. Nikafunga jalada, nikashusha pumzi ndefu, nikatazama dirishani. Sikusema neno. Wewe ukatoa mkono wako taratibu kama mtu aliyeshika chungu cha moto, na ukatoka umeinama. Nilichofanya pale kilikuwa kibaya kuliko kusema ndiyo, kwa sababu ndiyo ingeweza kubishiwa.

Jioni ile niliwaambia Mama na mdogo wangu. Niliwaambia kwa ile lugha yangu ya wodini, nikahesabu ndiyo zako kwa vidole, na kila nilipokunja kidole Mama alipiga paja. Siku ya pili ukaitwa sebuleni. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha mdogo wangu, na mdogo wangu amesimama nyuma yake.

Mama akasema, “Umemnywesha mjukuu wangu gundi tumboni. Umempiga picha za mionzi kama mzigo wa bandarini. Kisha ukamnyima ziwa ukakimbilia viatu vya watu.”

Ulisema hukujua. Ulisema hakuna aliyekwambia. Ukamgeukia mumeo ukamwambia, “Baba Kibonge, sema basi. Si wewe uliyesema nirudi kazini?”

Mdogo wangu alitazama vidole vya miguu yake. Kisha akasema Mama ameshasema.

Mfuko wako nilikufungashia mimi. Nilikunja nguo zako vizuri, na hilo sijui kwa nini nalikumbuka kuliko mengine. Wodini ilikuwa inaruhusiwa kadi moja ya mlezi kwa kila mtoto. Mdogo wangu alikwenda ofisini akaandika kwamba mama wa mtoto ameondoka nyumbani, kadi ikabadilishwa, ikaandikwa jina langu. Uliporudi kesho yake na chupa ya uji wa mtoto, mlinzi wa mlangoni, yule mwenye kope nyeupe, alikwambia jina lako halimo. Uliniona nikipita ndani, ukaniita. Nikaenda zangu. Baada ya hapo ulikuja kila siku ya kutazama wagonjwa, miezi saba, ukasimama kwenye uzio karibu na tangi la maji. Manesi walikuwa wakiuliza yule ni nani. Nilikuwa nikiwajibu ni mwanamke mmoja amechanganyikiwa.

Sasa nikueleze miezi ile saba, maana hukuwepo na ni haki yako. Dawa zilimkubali mwanzoni. Mwezi wa pili chembe zilirudi sawasawa, na daktari wa wodi akaanza kutabasamu. Nywele zilikatika zote. Kibonge alijipapasa kichwa akasema sasa amekuwa babu. Kilo zilimwisha. Lile jina lake lilikuwa limeshageuka kuwa dhihaka, lakini alilikataa jina lingine lolote, hata nesi akimwita kwa jina la cheti haitiki. Alipenda kupanga vifuniko vya chupa za dawa pembeni mwa godoro, akivifundisha hesabu na kuvichapa vinavyokosea. Akichomwa sindano ya uti wa mgongo alikuwa analia bila sauti, mdomo wazi tu. Mwezi wa sita ugonjwa ulirudi kwa hasira. Mwezi wa saba akapata maambukizi ya mapafu, na mwili haukuwa na askari hata mmoja wa kupigana. Alikufa asubuhi, saa nne kasoro, watu wakiwa wanapiga deki. Mimi ndiye niliyekuwa kando ya kitanda. Mdogo wangu alikuwa gereji. Wewe nadhani ulikuwa njiani kuja kwenye uzio.

Tulimzika siku hiyohiyo. Ulifika udongo umeshashindiliwa na watu wanakung'uta viatu. Mama alikuzuia usisogee. Ulikaa chini hapohapo ulipozuiwa, na tulipoondoka tulikuacha umekaa.

Wifi, mpaka hapa nimekuandikia mambo ambayo mengi unayajua. Sasa yale usiyoyajua.

La kwanza ni karatasi ya baba. Nilimuuliza mdogo wangu siku moja baada yako, kwenye chumba kilekile. Alisema ukweli hata yeye, mwanzoni. Pakiti mbili za sigara kwa siku, kabla ya mimba na baada yake. Rangi za kupuliza bila kuziba pua. Mikono ananawa kwa petroli na thina, kisha anamshika mtoto. Ovaroli la kazi linatundikwa nyuma ya mlango wa chumba alicholala mtoto, miaka yote minne. Alipomaliza akaiona kalamu yangu, akasema, “Dada, hayo si lazima uandike.” Nikaandika hapana. Hapana, hapana, hapana, ukurasa mzima. Kwa hiyo siku ile sebuleni, alipotazama vidole vyake, alikuwa anajua. Tulikuwa tunajua wawili.

Na dawa ya wadudu uliyonijibu ndiyo, uliidhani ni ile ya kopo uliyokuwa unapuliza mara mojamoja kwa ajili ya mbu. Mimi mchana, wewe ukiwa kazini, nilikuwa napuliza dawa ya kunguni, ya shambani, niliyopimiwa sokoni kwenye chupa ya soda. Nilipuliza kitanda cha mtoto na magodoro kila wiki, kisha namlaza. Hukujua. Na aliyemfungia ndani mwaka mzima ni Mama. Na kilo zile nne na nusu tulizitangaza wote. Ukiigeuza karatasi ile upande wowote, utatukuta sote ndani yake, lakini tuliisoma upande wako tu.

La pili ndilo lililonishinda kubeba.

Kibonge alikuwa anakuuliza. Mwezi wa kwanza na wa pili, kila akiamka, mama yuko wapi, mama anakuja lini. Nilikuwa nampa majibu ya kumzungusha. Siku moja alikataa dawa. Akaubana mdomo akasema hamezi mpaka aje mama. Nesi akanitazama, mimi nikaona haya mbele ya nesi, kwamba mtoto wa ndugu yangu ananishinda. Nikainama sikioni mwake nikamwambia hivi, neno kwa neno: “Mama yako hataki kuja. Anaogopa ugonjwa wako. Amesema atapata mtoto mwingine mzima.”

Akameza dawa. Hakukuuliza tena, si siku ile wala nyingine, mpaka alipokufa.

Ile siku ulipozunguka nyuma ya jengo ukakuta dirisha la wodi liko wazi, ukasimama ukamwita, yeye alikutazama sawasawa kisha akajifunika shuka gubigubi. Nasikia umemwambia dada yako kwamba mtoto alikuwa amejua kuwa ndiwe uliyemtia ugonjwa, akakukataa. Sivyo. Hakujua chochote cha gundi wala mionzi. Alijifunika kwa sababu yangu. Ulipokwisha kuondolewa na mlinzi niliinua ile shuka, nikamkuta ameshika mdomo wake kwa mikono miwili. Aliniambia amejificha ili mama asiambukizwe.

Nimeandika sentensi hiyo mara nne kwenye karatasi nyingine kabla ya kuiweka hapa. Kama nisingeiandika nisingelala, hiyo ni juu yangu. Lakini sikuona njia ya kukupa ukweli nusu. Ulidhani mwanao alikufa amekuchukia. Alikufa anakulinda.

Baada ya mazishi nilikaa mwezi mmoja kisha nikaenda kwa daktari wa utafiti na karatasi zote mbili, nikamweleza. Hakunipigia kelele. Alizitoa karatasi zile kwenye kazi yake, akaniambia nirudishe kitambulisho. Nilimwomba aniambie basi, kwa yote yale, nani alimuua mtoto: gundi, thina, dawa yangu, au nini. Nilitaka kusikia jina, hata likiwa langu. Nadhani nilitaka liwe langu, nipumzike. Aliniambia hana jina la kunipa. Alisema huenda chembe ya kwanza iliharibika tumboni, ikalala miaka, na huenda ikaamka bila sisi kufanya lolote. Alisema kwenye majalada yake kuna mama wa watoto wazima wenye ndiyo nane na tisa. Kisha akasema ugonjwa hauna mkosaji anayeweza kumtaja, ila aliyemwacha mtoto afe bila mama yake anaweza kumtaja, naye amekaa mbele yake. Akafungua mlango.

Miaka miwili nimenyamaza na maneno hayo. Ningeendelea kunyamaza, wifi, sikudanganyi, kama si dada yako kunishika kiwiko. Naogopa hata sasa kwamba nakuandikia ili nipate nafuu mimi. Huenda ndivyo. Lakini mtoto aliyemo tumboni hana habari na nafuu yangu, kwa hiyo nisikilize kwa ajili yake. Nilirudi kwa yule daktari wiki iliyopita, nikasimama nje mpaka akanipokea, nikamuuliza habari zako. Amesema jino bovu ndilo la kuogopa sasa, maana usaha una hatari kwako na kwa mtoto. Nenda ukang'olewe, waambie una mimba, wanajua namna ya kufanya. Amesema kukaa mbali na gundi wakati wa mimba si vibaya, lakini sabuni ya kufulia haijaua mtu. Amesema mtoto akizaliwa umnyonyeshe, muda wote utakaoweza, na akishikwa na mafua usikimbie kama nyumba inaungua. Maziwa yako hayana kitu. Hayakuwa na kitu hata mara ya kwanza.

Siombi radhi. Radhi huombwa na mtu aliyekanyaga mguu. Ukiwa na la kunifanya, hata kunishitaki, dada yako anajua ninapokaa. Nimeshahama kwa Mama na nimepanga chumba nyuma ya kiwanda cha mikate. Kaburi la Kibonge liko safu ya tano kutoka ukutani, la tatu upande wa kushoto, na mlinzi wa makaburi nimemwambia mama wa mtoto akija asizuiwe na mtu yeyote. Nenda utakapojifungua ukapata nguvu, usiende sasa.

Mumeo mpe salamu zangu, hata kama hatazipokea. Kwa huku nyumbani, kawaida ningekuandikia kwamba wote hawajambo na wote wanakusalimu. Niliwaambia kwamba nakuandikia. Mdogo wangu aliniuliza tu kama nimetaja karatasi yake, nilipomwambia ndiyo akatoka nje kukohoa. Mama nimemweleza ukweli mara tatu, kipande kwa kipande, mpaka lile la shuka. Alisikiliza lote, akapangusa macho kwa ncha ya khanga. Kisha jirani akaingia, wakaanza mazungumzo ya watoto wa siku hizi, nami nikamsikia akimwambia kwamba mjukuu wake aliuawa na gundi ya viatu.

Uwe na uzazi salama.

Ni mimi,
wifi yako, shangazi yake Kibonge.